Nusu ya Nani? Akidi na Kura katika Bodi Ndogo

Aprili 2018 makamishna watatu wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya, IEBC, walitangaza kujiuzulu kwa mpigo. Mwenzao mmoja, Roselyn Akombe, alikuwa ameshaondoka Oktoba 2017, siku chache kabla ya uchaguzi wa marudio wa rais. Tume iliyoapishwa ikiwa na watu saba ikabaki na watatu: mwenyekiti Wafula Chebukati, Abdi Guliye na Boya Molu. Viti vinne vilikaa vitupu hadi Septemba 2021. Katika miaka hiyo mitatu na ushei, watu hao watatu walisimamia chaguzi ndogo na kuhakiki saini zaidi ya milioni 1 za mswada wa kubadili Katiba uliojulikana kwa jina la BBI. Je, walikuwa na akidi?

Majibu yalibadilika kila shauri lilipofika mbele ya majaji wapya. Sheria ya tume ya mwaka 2011 iliandikwa wakati tume ikiwa na makamishna tisa. Iliweka akidi ya watu watano, na ikataka kwamba pasipopatikana kauli moja, uamuzi uungwe mkono na walio wengi kati ya wajumbe wote. Mwaka 2017 Bunge likaigeuza. Akidi ikawa angalau nusu ya wajumbe waliopo, mradi wasipungue watatu, na uamuzi ukawa wa walio wengi kati ya waliohudhuria na kupiga kura. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikayabatilisha mabadiliko hayo. Miezi michache baadaye jaji mwingine wa mahakama hiyohiyo akaona kuwa tume ya watu watatu bado ni halali, kwa sababu Ibara ya 250 ya Katiba inaruhusu tume ya kikatiba kuwa na wajumbe kuanzia watatu hadi tisa. Mei 2021, katika kesi ya BBI, majaji watano wa Mahakama Kuu wakasema akidi ni watano, kwa hiyo tume haikuwa na uwezo wa kuhakiki saini zile. Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani ikasimama upande wao. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji wake, ikasema akidi ilikuwepo.

Wakenya wengi waliifuata kesi ile kwa sababu ya wanasiasa waliokuwa nyuma yake. Mimi naitazama kwa jambo ambalo kila kamati ya chama cha ushirika, kila bodi ya shule na kila kampuni ya ndugu wanne italikuta siku moja. Tunaposema nusu, tunamaanisha nusu ya nani? Ya viti vilivyoandikwa kwenye katiba ya chama, ya wajumbe waliobaki, au ya waliofika ukumbini leo? Mabunge makubwa yanaweza kuishi na jibu legelege. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349, ukimtoa Spika, na Ibara ya 121 inaridhika na akidi ya 50. Seneti, yenye maseneta 67, inaridhika na 15. Bunge la Makabwela la Uingereza lina akidi ya 40 tangu karne ya 17, na leo lina wabunge 650. Humo kuna vyama vyenye wanadhimu wanaohesabu vichwa, kuna waandishi wa habari, kuna kumbukumbu rasmi zinazoandikwa neno kwa neno. Wasiokuwepo wana wa kuwasemea. Kwenye bodi ya watu watano hakuna hata kimoja cha hivyo. Mjumbe asipokuwepo, moja ya tano ya akili za bodi haipo, na huenda ni yeye peke yake aliyekuwa anaelewa vitabu vya hesabu.

Swali hilohilo liliifikia Marekani kwa mlango mwingine. Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, inayoamua migogoro kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, ina viti vitano. Sheria yake inasema akidi ya bodi ni watu watatu, lakini bodi inaweza kukabidhi mamlaka yake kwa kundi la wajumbe watatu au zaidi, na ndani ya kundi hilo wawili wanatosha kuwa akidi. Mwishoni mwa 2007 bodi ilikuwa na wajumbe wanne, wawili kati yao wakikaribia kumaliza muda. Ikakabidhi mamlaka kwa kundi la watatu ikijua kwamba baada ya siku chache watabaki wawili. Wawili hao wakaendelea kutoa maamuzi kwa miezi 27, karibu kesi 600. Hoja yao ilikuwa na mantiki: akidi ya kundi ni wawili, nasi tuko wawili. Kampuni ya New Process Steel ikapinga hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 2010, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ikasema kwamba kundi la watatu lazima liwe na watatu. Akidi inakuruhusu kufanya kazi siku mwenzako anaumwa au amesafiri. Haigeuzi kiti kisicho na mtu kuwa mtu asiyekuwepo.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima, na nadhani mahakama ya Washington iliiona vizuri zaidi kuliko ile ya Nairobi. Mjumbe mgonjwa anapata taarifa ya kikao, anasoma ajenda, anaweza kumpigia mwenyekiti simu na kusema hili msilipitishe kabla sijafika. Anaposikia uamuzi asioupenda, anaweza kuibua hoja kikao kijacho, kwenye yatokanayo. Kiti kitupu hakifanyi lolote kati ya hayo. Ukihesabu nusu ya waliopo, kila mtu anayeondoka anapunguza idadi inayohitajika, na bodi inayokonda haigongi mwamba mahali popote isipokuwa sheria iwe imetaja namba ya chini kabisa. Kwa Kenya namba hiyo ilikuwa tatu. Kwa vikundi vingi vyenye katiba za kurasa nne zilizonakiliwa kutoka kikundi jirani, haipo.

Hata hivyo hoja ya upande wa pili ina uzito, na Wakenya wameuonja uzito huo. Muda wa Chebukati, Guliye na Molu ulikwisha Januari 2023. Makamishna wengine watatu walikuwa wamejiuzulu Desemba 2022, na wa mwisho akaondolewa baada ya uchunguzi wa jopo maalumu. IEBC ikabaki bila kamishna hata mmoja hadi Julai 2025. Mbunge wa Banissa, kaunti ya Mandera, alifariki mwaka 2023, na wananchi wake hawakupata uchaguzi mdogo hadi tarehe 27 Novemba 2025. Hapo hakuna aliyebishana juu ya akidi, maana hakukuwa na wa kuhesabu. Bodi inayosimama kabisa inaumiza watu ambao hawakuhusika na ugomvi wowote. Majaji wanaolegeza akidi huwa wanaiogopa hali hiyo, nami siwalaumu kwa kuiogopa.

Njia ya kati ipo, na ni ya zamani. Kanuni za mfano za makampuni ya Uingereza za mwaka 1985, zinazojulikana kama Table A, zilisema wakurugenzi waliobaki wanaweza kuendelea kufanya kazi ingawa kuna nafasi zilizo wazi. Lakini wakipungua chini ya akidi, wanaweza kufanya mambo mawili tu, kujaza nafasi hizo au kuitisha mkutano mkuu. Mmarekani Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi aliyechapisha kitabu cha taratibu za mikutano mwaka 1876, aliweka msingi unaofanana na huo: mkutano usio na akidi unaweza kuahirishwa, kupangiwa siku nyingine, kupumzika, au kuchukua hatua za kuwapata wajumbe. Kwa ufupi, waliobaki wanapewa kazi ya kuiponya bodi na kunyimwa kazi ya kuitumia. Laiti sheria ya IEBC ingekuwa na kifungu kama hicho, na pamoja nacho muda maalumu ambao rais na Bunge hawaruhusiwi kuuvuka kabla ya kujaza viti, mahakama zisingelazimika kuchagua kati ya tume pungufu na tume mfu.

Sasa tushuke kwenye hesabu yenyewe. Hapa ndipo bodi ndogo hupotea bila kujua.

Sheria ya vyama vya ushirika ya Kenya inataka kamati ya uongozi iwe na wajumbe wasiopungua watano na wasiozidi tisa. Chukua kamati ya watu saba. Akidi ni wanne, uamuzi ni wa walio wengi kati ya waliopiga kura. Wanne wamefika. Hoja ya kununua shamba inaungwa mkono na wawili, mmoja anapinga, mmoja hapigi kura kwa sababu hajaelewa vizuri. Hoja imepita. Watu wawili kati ya saba wamenunua shamba. Kwenye kamati ya watano yenye akidi ya watatu, wawili wakikaa kimya, mtu mmoja ananunua shamba, na kila kanuni imefuatwa. Kanuni mbili zinazoonekana za haki kila moja ikisimama peke yake, nusu ya wajumbe na walio wengi wa waliopiga kura, zikizidishana zinazaa uamuzi wa robo, au wa moja ya tano.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo watunzi wengi wa katiba za vikundi hulipita: tofauti kati ya nusu na zaidi ya nusu. Kwa bodi ya watu saba au tisa haina madhara, kwa kuwa hakuna nusu mtu. Kwa bodi ya wanne au sita ina madhara makubwa. Bodi ya wanne yenye akidi ya nusu inaweza kukutana mara mbili kwa siku moja, ndugu wawili Mwanza na ndugu wawili Dar es Salaam, na vikao vyote viwili vikawa na akidi. Kimoja kikauza lori, kingine kikaliweka rehani benki. Akidi ikiwa zaidi ya nusu, jambo hilo haliwezekani, kwa sababu makundi mawili yenye zaidi ya nusu lazima yawe na angalau mtu mmoja wa pamoja, na mtu huyo hawezi kukaa vikao viwili kwa wakati mmoja. Naiona hiyo kuwa sababu yenye nguvu kuliko zote za kudai zaidi ya nusu, na inashangaza kwamba haitajwi mara nyingi kwenye semina za uongozi wa vikundi.

Watu wamejua tangu zamani kwamba akidi inaweza kuwa silaha ya asiyekuwepo. Mwaka 1840 Abraham Lincoln, akiwa mbunge wa jimbo la Illinois, aliruka dirishani pamoja na wenzake ili kikao kipungukiwe na watu. Januari 1890 Spika Thomas Reed wa Baraza la Wawakilishi la Marekani alichoshwa na wajumbe waliokaa vitini mwao wakikataa kuitikia majina yao, akaanza kumwamuru karani aandike kuwa wapo, huku wao wakipiga kelele kwamba hawapo. Mwaka 1892 mahakama ikamuunga mkono.

Kwa bodi ndogo silaha hiyo inakata zaidi, na inamuumiza kwanza mjumbe mwaminifu. Rudi kwenye kamati ya watano yenye akidi ya watatu. Wawili wamesafiri. Wawili wanaitaka hoja. Wa tano haitaki kabisa. Akihudhuria na kupiga kura ya hapana, akidi inatimia na hoja inapita kwa kura 2 dhidi ya 1. Akibaki nyumbani kwake, hoja inakufa. Kanuni inamwadhibu kwa kutimiza wajibu wake, inampa tuzo kwa kutoroka. Mjumbe mwenye akili atajifunza haraka, na baada ya mwaka mmoja mwenyekiti atakuwa analalamika kwamba wajumbe hawafiki kwenye vikao, bila kujua kwamba ni katiba ya chama iliyowafundisha kutofika.

Dawa yake ni kuhama kutoka kuhesabu viti vilivyokaliwa kwenda kuhesabu kura za ndiyo. Badala ya kusema kikao cha watatu kinaweza kuamua kwa wingi, katiba iseme kwamba uamuzi wowote wa kamati ya watu watano unahitaji kura za ndiyo zisizopungua tatu. Hapo mpingaji anaweza kuja bila woga. Kufika kwake hakumsaidii adui wa hoja yake, na maneno yake yanaweza kumgeuza mtu. Anayekaa bila kupiga kura hawapi wengine uwezo wa kuamua wakiwa wachache. Na watu wawili hawawezi kununua shamba la watu wote. Kanuni hii ndiyo iliyokuwa kwenye sheria ya IEBC kabla ya 2017, iliyotaka walio wengi wa wajumbe wote. Kwa maoni yangu, mabadiliko ya kipengele kile yalikuwa mabaya kuliko yale ya akidi yaliyozungumzwa zaidi.

Ina gharama yake. Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi ya Marekani ina viti vya wajumbe sita, wasiozidi watatu wa chama kimoja, na inahitaji kura nne kwa uamuzi wowote wa maana. Matokeo yake ni mafaili mengi yanayofungwa kwa 3 kwa 3, na tume hiyo ilitumia sehemu kubwa ya mwaka wa uchaguzi wa 2020 bila akidi kwa sababu viti havikujazwa. Kizingiti cha kura za ndiyo kinafaa pale ambapo kutofanya lolote hakuleti maafa. Kununua shamba, kukopa, kumfukuza meneja, kubadili masharti ya mikopo: haya yanaweza kusubiri wiki mbili. Kulipa bili ya umeme hakuwezi. Kwa hiyo ningeyagawa mambo ya bodi katika mafungu mawili na kuandika namba mbele ya kila fungu, si asilimia, maana asilimia ndizo zinazozaa kesi.

Kura zikilingana, Tanzania na Kenya zinafuata njia mbili tofauti, na ni vizuri wana bodi wa pande zote wakajua kuwa njia hizo ni chaguo. Ibara ya 94 ya Katiba ya Tanzania inaweka akidi ya nusu ya wabunge wote. Spika hana kura ya kawaida, ila ana kura ya uamuzi pande mbili zikilingana. Katiba ya Kenya, kwenye Ibara ya 122, inamnyima Spika kura kabisa na kusema kwamba kura zikilingana hoja imeanguka. Kwa bunge la mamia ya watu tofauti hiyo huonekana mara chache sana. Kwa bodi ya watatu huonekana kila mwezi. Tuseme akidi ni wawili, na mwenyekiti ana kura yake ya kawaida pamoja na kura ya uamuzi, kama kanuni nyingi za makampuni zilizorithiwa kutoka Uingereza zinavyomruhusu. Kila kikao anachofika mwenyekiti na mjumbe mmoja tu, mwenyekiti anashinda. Akisema ndiyo na mwenzake akisema hapana, kura zinakuwa 1 dhidi ya 1, kisha anaongeza ya pili. Bodi ya watu watatu imegeuka kuwa ya mtu mmoja mwenye shahidi.

Wapo wanaotetea kura ya uamuzi kwa kusema kwamba bila hiyo kazi zitakwama. Zitakwama zipi? Hoja iliyolingana haijapata walio wengi, na hali iliyokuwepo kabla yake inaendelea. Spika John Evelyn Denison wa Uingereza, katika karne ya 19, aliweka desturi ambayo wenzake wanaifuata mpaka leo: Spika akilazimika kutumia kura ya uamuzi, anaitumia kuruhusu mjadala uendelee, au kuacha mambo yalivyo, na habadilishi sheria kwa kura yake ya peke yake. Bodi isiyotaka kufuta kura hiyo ingeweza angalau kuandika sharti la namna hiyo.

Nafasi ya mwenyekiti inatuleta kwenye tarehe 15 Agosti 2022, pale Bomas of Kenya. Tume ya watu saba ilikuwa imetimia. Mwenyekiti alikuwa ukumbini akijiandaa kutangaza mshindi wa urais, huku makamishna wanne, wakiongozwa na makamu mwenyekiti Juliana Cherera, wakiwa kwenye hoteli ya Serena wakiwaambia waandishi wa habari kwamba hawayatambui matokeo hayo. Wanne kati ya saba ni wengi kwa kipimo chochote. Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikasema mambo mawili ambayo msomaji wa haraka huyaona yanapingana. La kwanza, kuhakiki na kujumlisha kura za urais ni kazi ya tume nzima, wala si ya mwenyekiti peke yake. La pili, matokeo hayawezi kubatilishwa kwa sababu tu makamishna wanne wameyakana dakika za mwisho bila kuweka mbele ya mahakama chochote kinachoonyesha kuwa kura zilivurugwa. Mahakama ikahimiza tume itengeneze upya utaratibu wake wa ndani, kila mmoja ajue mipaka yake.

Naona fundisho la kitaratibu pale. Wengi hupata nguvu yao ndani ya kikao, kupitia hoja iliyotolewa, ikajadiliwa, ikapigiwa kura na kuandikwa kwenye muhtasari. Wengi walio kwenye ukumbi mwingine, mbele ya kamera, ni watu wanne wenye maoni. Kama wanne wale wangekuwa na kikao kilichoitishwa kihalali na hoja iliyoandikwa, mahakama ingelazimika kujibu swali gumu zaidi.

Na kikao ni nini? Mwaka 1874 kampuni moja ya mgodi nchini Uingereza iliitisha mkutano. Walifika katibu na mwanahisa mmoja. Mwanahisa akawa mwenyekiti, akapitisha hoja ya kuwadai wenzake fedha, na hatimaye ikapitishwa hoja ya kumshukuru mwenyekiti. Mwanahisa mwingine akakataa kulipa, na mwaka 1876, katika kesi ya Sharp dhidi ya Dawes, Mahakama ya Rufani ikasema mkutano unahitaji zaidi ya mtu mmoja. Jambo hilo lilionekana limekwisha, lakini mwaka 2022 majaji wa Uingereza wakajikuta wakitoa hukumu mbili zisizolingana kuhusu mkurugenzi pekee wa kampuni ambayo kanuni zake zinataja akidi ya wawili. Mmoja alisema mkurugenzi huyo hawezi kuamua lolote mpaka apatikane mwenzake. Mwingine, kwenye kampuni yenye kanuni za mfano zisizobadilishwa, akasema anaweza. Kampuni nyingi za Afrika Mashariki zinatumia maneno yaliyotoka kwenye chimbuko hilohilo, na mwenye kampuni ya mtu mmoja anafaa kusoma kanuni zake kabla benki haijamsomea.

Bodi ndogo inahitaji pia wepesi. Kitabu cha Robert, katika matoleo yake ya sasa, kinaruhusu bodi yenye wajumbe waliohudhuria wasiozidi kama kumi na wawili ilegeze taratibu. Mjumbe hahitaji kusimama ili apewe nafasi, hoja haihitaji wa kuiunga mkono, mtu anaweza kuongea mara nyingi, na mwenyekiti anaruhusiwa kuchangia, kutoa hoja na kupiga kura kama wengine. Hilo linapatana na desturi yetu ya kukaa mpaka tuelewane. Wazee wengi watakwambia kikao kilichofika kwenye kunyoosha mikono kimeshashindwa nusu. Nakubaliana nao kwa kiasi, ila ule mwito wa mwenyekiti, “tumekubaliana jamani?”, ukifuatwa na ukimya, haujathibitisha chochote. Mwenyekiti mzuri humgeukia kila mmoja kwa jina, aanze na mdogo kwa umri au cheo, ili asije akasema baada ya mkubwa wake.

Kuhusu mjumbe mwenye maslahi, kosa la kawaida ni kumtoa kwenye kura na kumwacha kwenye akidi. Mwenye gari linalotaka kukodiwa na chama anatoka nje wakati wa kupiga kura, lakini jina lake limesaidia kutimiza watatu. Kanuni za mfano za makampuni ya Uingereza zinazotumika tangu 2009 zinamtoa kwenye vyote viwili: mkurugenzi mwenye maslahi hahesabiwi kwenye akidi wala kwenye kura, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Ni sawa. Lakini piga hesabu mapema. Bodi ya watatu yenye akidi ya watatu haitaweza kamwe kuamua jambo linalomgusa mmoja wao, na bodi ya ndugu wawili haitaweza kuamua chochote kinachomgusa yeyote. Vikundi vya namna hiyo vinahitaji mahali pa kupeleka jambo, mkutano mkuu kwa kawaida, na mahali hapo paandikwe.

Ubaya unaonikera kuliko wote hauhitaji jaji. Ni daftari la mahudhurio linalozungushwa nyumba kwa nyumba baada ya kikao ili saini zitimie, wakati mwingine na posho ndani ya bahasha. Anayesaini hivyo anafanya uongo kuhusu mahali alipokuwa, na anabeba dhamana ya uamuzi ambao hakuusikia ukijadiliwa. Muhtasari unaosema “wajumbe waliafiki” unausitiri uongo huo. Unaosema watano walikuwepo, watatu ndiyo, mmoja hapana, mmoja hakupiga kura, na fulani aliondoka kabla ya ajenda ya nne, hauwezi kuusitiri. Hilo la kuondoka lina uzito wake. Mwaka 1954 mahakama ya Uingereza, ikisoma kanuni iliyotaka akidi iwepo mkutano unapoanza shughuli, ilikataa kubatilisha mkutano kwa sababu mtu mmoja alitoka baadaye. Kama hutaki wachache waliobaki hadi saa mbili usiku wapitishe mengineyo yenye mamilioni ndani, andika kwamba akidi iwepo wakati wa kila uamuzi.

Siku hizi maamuzi mengi hayafiki hata ukumbini. Katibu anaweka ujumbe kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku, watatu wanajibu kwa alama ya dole gumba, asubuhi hundi inaandikwa. Uamuzi kwa njia ya waraka si haramu, lakini kanuni zile za Uingereza zinauruhusu kwa masharti mawili: wote wenye haki ya kupiga kura wakubali, na idadi yao iwe ya kutosha kutimiza akidi kama wangekaa. Masharti ni makali kwa sababu hapo hakuna mjadala. Hakuna aliyesikia swali la mwenzake. Asiyejibu huenda hana chaji au yuko shambani, na ukimya wake hauwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo. Mjumbe mmoja akiandika “naomba tukae”, uamuzi wa kwenye simu unasimama papo hapo, na katibu anawatumia wajumbe wote, hata wale anaojua hawatafika, taarifa ya kikao yenye tarehe, mahali na ajenda.